Keki ya Waziri wa Furaha na Mazishi

Nchi yetu ina jina zuri sana, ila sheria hairuhusu kulitaja mtu akiwa amekaa. Nami naandika haya nimekaa, maana magoti yananiuma, kwa hiyo tutaiita nchi yetu tu, na wewe msomaji utaelewa. Kama hujaelewa, hongera. Wewe ni raia mwema kuliko mimi.

Huku kwetu hatuna shida. Zamani tulikuwa nazo, tena za kumwaga, lakini Mlezi Mkuu alizipiga marufuku mwaka ule ule alioshika madaraka. Badala ya shida tukapewa karanga. Karanga ndiyo zao la taifa na chakula cha taifa, na ipo katikati ya bendera, ikiwa imemenywa. Mtoto akizaliwa hupakwa mafuta ya karanga kabla hajapewa jina. Wageni hutuuliza kama hatuchoki kula kitu kimoja. Hatuchoki. Wizara ilishafanya utafiti ikagundua kwamba hatuchoki.

Mjini kwetu palikuwa na hospitali ya watoto. Siku moja Mlezi Mkuu aliitembelea akakuta watoto wengi wanalia, akasikitika mno. Akawauliza madaktari: mtoto anahitaji nini zaidi, dawa au furaha? Madaktari walijibu kwa sauti moja kwamba ni furaha, kwa sababu nyuma ya kila daktari alisimama askari. Hospitali ikavunjwa, na mahali pake pakajengwa Bustani ya Furaha ya Familia, yenye mabembea, gari moshi la kupaa, nyumba ya vioo na bwawa la bata wa plastiki.

Hakuna aliyeachishwa kazi, jambo linaloonyesha utu wa serikali yetu. Manesi walivishwa manyoya ya sungura. Daktari bingwa wa watoto, Daktari Lwitiko, kwa kuwa ni mrefu, alivishwa vazi la twiga, na zipu ya shingoni ikafungwa kwa kufuli dogo ili asije akavua kichwa mbele ya watoto akawatisha. Ufunguo hukaa kwa Msimamizi wa Vicheko. Hata gari la wagonjwa halikutupwa. Liling'olewa magurudumu, likapakwa rangi ya waridi, likakazwa kwa boliti kwenye bembea ya mzunguko, katikati ya farasi na bata wa mbao. King'ora chake kiliachwa kwa sababu watoto wanakipenda.

Bustani hiyo iko chini ya Wizara ya Furaha, Michezo na Mazishi. Wizara hizo ziliunganishwa ili kubana matumizi ya mahema na viti.

*

Nina jirani yangu anaitwa Makungu, mtumishi wa Idara ya Majina ya Mitaa. Kazi yake ni kufuta majina ya zamani ya mitaa na kuandika jina la Mlezi Mkuu. Ni hodari kweli. Siku hizi mji mzima unaishi Mtaa wa Mlezi Mkuu, na wageni wa harusi huishia kwenye misiba wasiyoijua, wakala, wakatoa rambirambi, wakarudi kwao. Makungu si mtu mbaya. Ni mwoga tu, na kwetu woga ndio unaompandisha mtu cheo.

Mkewe, Sikudhani, ni fundi cherehani, mwanamke wa maneno machache. Walikuwa na watoto wawili: Tausi, msichana wa miaka sita, na Shomari, ambaye alikuwa bado ananyonya kidole. Tausi alipokuwa na miaka mitatu alipewa kipande cha kashata ya karanga na watoto wa jirani. Midomo ilimvimba, koo likaziba, akageuka rangi. Alipona chupuchupu, kwa kuwa wakati ule hospitali ilikuwepo na Daktari Lwitiko alikuwa bado na mikono ya binadamu. Alimchoma sindano, kisha akamwambia Sikudhani kwa kunong'ona: "Huyu asiguse karanga maisha yake yote. Akigusa, mama, hatutakuwa na muda."

Tangu siku hiyo Sikudhani aliweka sufuria ya Tausi peke yake na mwiko wa Tausi peke yake, na mpini wa mwiko huo akaufunga uzi mwekundu usije ukachanganywa na mingine. Kabla ya kupika aliuosha kwa maji ya moto, akausuuza, akauosha tena. Alifanya hivyo mlango ukiwa umefungwa. Serikali ilikuwa imeshatangaza kwamba mzio wa chakula si ugonjwa, ni itikadi ya kigeni, na mtu mwenye itikadi ya kigeni ndani ya mtoto wake hapandishwi cheo.

Sasa kila mtumishi wa serikali hupangiwa Jumamosi yake ya kupeleka familia Bustanini. Asiyekwenda huhesabiwa kuwa ana huzuni, na huzuni ni kosa la kinidhamu. Jumamosi ya Makungu ilipofika, nami ilikuwa zamu yangu, hivyo tuliongozana. Ndiyo maana nasimulia niliyoyaona mwenyewe.

*

Getini pana maandishi makubwa: KARIBUNI. CHAKULA KUTOKA NJE NI TUSI.

Sikudhani alikuwa amebeba hotpoti yenye viazi vitamu vya kuchemsha na mayai. Mlinzi akaifungua, akanusa.

"Mama, unakwenda kulishwa na taifa, halafu umebeba viazi? Unataka kusema taifa halijui kupika?"

"Ni vya mtoto, kaka yangu. Ana shida kidogo ya chakula."

"Shida zilipigwa marufuku."

Walinzi wakala viazi vile palepale, wamesimama, mbele ya mtoto mwenyewe. Mmoja akalalamika kwamba mayai hayana chumvi.

"Mama Tausi, nyamaza," Makungu alimnong'oneza mkewe. "Wananiangalia."

"Wewe wakuangalie, Baba Tausi. Mimi namwangalia mwanangu atakula nini."

Ndani kulikuwa na kila kitu. Kulikuwa na chipsi zilizokaangwa kwa mafuta ya karanga, mishikaki iliyopakwa karanga, aiskrimu ya karanga, hata soda ya karanga. Shomari alikula mpaka tumbo likalia. Tausi alipita kibanda hadi kibanda akiwa ameshika kidole cha mama yake.

"Mama, na hiki kina karanga?"

"Kina, mwanangu."

"Na kile?"

"Nacho kina."

"Basi nitakula tukifika nyumbani," akasema, akaenda kuwatazama bata wa plastiki. Hakulia. Nimewahi kuona mawaziri wakilia kwa njaa ndogo kuliko ile.

Adhuhuri ilipopita na mtoto akaanza kuyumba, Sikudhani aliona dirisha lililoandikwa MAHITAJI MAALUMU YA CHAKULA. Alifurahi, jamani. Nilimwona akitembea upesi kama mtu aliyeitwa. Dirishani alikaa Bi Zamoyoni, akipuliza rangi ya kucha ikauke.

"Karibu, dada."

"Ahsante, dada. Nina mtoto ana mahitaji maalumu."

"Mtoto wa nani?"

"Wangu."

"Na wewe ni nani?"

"Mama yake."

"Aa, basi si maalumu. Mahitaji maalumu ni ya watu maalumu, dada yangu. Ungesema mapema tusingepotezeana muda."

Nyuma ya Bi Zamoyoni mpishi alikuwa anapakua wali mweupe na kuku kutoka kwenye sufuria yenye kibendera. Kabla ya kupakua aliuosha mwiko kwa maji ya moto, akausuuza, akauosha tena. Mpini wa mwiko huo ulikuwa umefungwa uzi. Sikudhani akasimama pale anautazama, macho yamemtoka.

"Chakula kile cha nani?"

"Cha Mheshimiwa Waziri wetu. Anakuja leo kukata keki. Yeye hagusi karanga, wala sufuria iliyogusa karanga."

"Kwa nini?"

"Uzalendo!" Bi Zamoyoni alishangaa kuulizwa. "Anatuachia sisi wananchi tushibe."

"Dada, nakuomba kijiko kimoja tu cha wali ule. Mtoto hajala tangu asubuhi."

"Unataka kula uzalendo wa Waziri?" Bi Zamoyoni akafunga dirisha, taratibu, asiharibu kucha.

*

Niwaeleze kidogo kuhusu keki, kwa faida ya wale wanaosoma wakiwa nchi za mbali zisizo na ustaarabu. Kwetu hakuna jambo linalofanyika bila kulishana keki. Harusi ni keki, mahafali ni keki, hata choo cha shule hakifunguliwi bila keki. Mgeni rasmi huchoma kipande kwa kijiti, anayelishwa hufumbua mdomo, picha inapigwa, watu wanashangilia. Kisha aliyelishwa naye humlisha aliyemlisha, ndiyo adabu. Tendo lisipopigwa picha halijatendeka, na picha isipotoka vizuri, tendo hurudiwa. Tuliwahi kuzindua kisima kimoja mara nyingi hadi maji yakakauka.

Siku hiyo ilikuwa kumbukumbu ya kufunguliwa kwa Bustani, na keki ya karanga ilikuwa na ukubwa wa kitanda. Mpigapicha Mkuu wa Taifa, Bwana Kanju, mzee mpole mwenye miwani mizito, alizunguka akitafuta mtoto wa kulishwa na Waziri. Kila mtoto aliyemwona alikuwa na mdomo uliopakaa karanga mpaka masikioni. Ndipo akamwona Tausi.

"Huyu hapa!" alisema kwa furaha. "Mdomo msafi kabisa!"

Ndivyo alivyochaguliwa. Alichaguliwa kwa sababu alikuwa na njaa.

Mheshimiwa Pandu Lukindo, Waziri wa Furaha, Michezo na Mazishi, alikuwa tayari jukwaani, ameshiba wali wake. Sikudhani alipanda naye mtoto, akapiga goti.

"Shikamoo, Mheshimiwa."

"Marahaba, mama."

"Nakuomba unisikilize kama mzazi mwenzangu. Mwanangu akila karanga koo linaziba. Anakufa."

Mshereheshaji akacheka kwenye kipaza sauti, kama alivyofundishwa. Waziri hakucheka. Alimtazama yule mama, na naapa nilimwona akijishika shingo. Alijua. Katika wakubwa wote pale jukwaani yeye peke yake ndiye aliyejua mama anasema nini. Halafu akakumbuka kwamba televisheni inarusha moja kwa moja, na kwamba Mlezi Mkuu hutazama kila kipindi, na asiporidhika hupiga simu.

"Ndugu wananchi!" alinguruma. "Mmesikia? Mzio! Itikadi ya kigeni imevaa gauni la mtoto ikapanda jukwaani kwangu! Nawaambia, hakuna koo la mzalendo linaloziba! Mimi sili karanga, ndiyo, nanyi mnajua kwa nini. Nawaachia ninyi!"

Makofi yalipigwa mpaka bata wakahama bwawani, na bata wenyewe ni wa plastiki.

"Baba wa mtoto yuko wapi?"

"Niko hapa, Mheshimiwa," akasema Makungu.

"Mwanao ana mzio?"

Makungu alimtazama mkewe, akamtazama mtoto, akamtazama Waziri. Nilimwombea. Namjua tangu tukiwa wadogo.

"Hana, Mheshimiwa," akasema. "Mama yake ana utani."

Watu wakacheka sana. Walinzi wakamshika Sikudhani mikono, kwa heshima, mmoja kila upande.

Waziri akanyoosha kijiti. Tausi akafumba mdomo kwa nguvu. Kamera ikalia.

"Haijatoka," akasema Bwana Kanju. "Rudia."

Waziri akarudia. Safari hii ni yeye aliyefumba macho.

"Haijatoka, Mheshimiwa. Rudia."

"Fumbua, mjukuu wangu," Waziri akasema, amemshika kidevu.

Tausi alimtafuta baba yake kwa macho. Na Makungu, akiwa amesimama chini ya jukwaa na jasho likimtiririka, alipanua mdomo wake mwenyewe taratibu, aaa, kama tunavyofanya tunapowalisha uji watoto wachanga. Mtoto akamwiga baba yake.

Picha hiyo ilitoka vizuri sana.

*

Bendi ikapiga wimbo wa taifa. Wimbo wetu ni mrefu, na ukipigwa hakuna kusogea wala kukohoa. Tausi alisimama wima, keki ikiwa shavuni. Hakuimeza, kwa kuwa mama yake alimfundisha. Hakuitema, kwa kuwa shuleni walimfundisha kwamba kutema chakula cha kiongozi ni uhaini. Mtoto mwenye utii kiasi hicho sijaona tena.

Walinzi walimwachia Sikudhani ili wapige saluti. Akakimbia katikati ya ubeti, akamtia mwanawe kidole kinywani, akaichomoa keki yote. Midomo ilikuwa tayari imeanza kuvimba.

"Hospitali!" alipiga kelele. "Jamani, gari! Gari la wagonjwa!"

Walinzi wetu wamefunzwa vizuri. "Lipo!" wakaitikia, wakambeba mtoto mbio, mama akiwafuata, wakawaingiza wote wawili ndani ya gari la wagonjwa la rangi ya waridi. Mwendesha bembea akavuta mkono wa chuma. King'ora kikalia, taa zikawaka, gari likaondoka. Likazunguka.

Watu walishangilia, wakidhani ni sehemu ya sherehe.

"Simamisha!" nilimwambia yule mwendesha bembea.

"Ikianza haisimami mpaka muziki uishe, mzee wangu. Ndivyo walivyoitengeneza."

Twiga alikuja mbio kutoka upande wa nyumba ya vioo, akiangusha vibanda. Ndani ya kichwa kile sauti ya Daktari Lwitiko ilikuwa inalia: "Sindano! Nani ana sindano? Namjua huyo mtoto!" Alijaribu kupenya mlango wa gari lilipompitia, shingo ikakwama, gari likamburuta na kumtupa. Manesi walisimama wamejishika vichwa. Nyuso za sungura zilikuwa zinatabasamu, kwani zimeshonwa hivyo.

Gari lilipotupitia mara ya kwanza Sikudhani alikuwa anaita watu. Lilipopita tena alikuwa anamwita Mungu. Baadaye nikamsikia anamwita Tausi tu, Tausi, Tausi, polepole, kama anayemwamsha aende shule. Muziki ulipokaribia kwisha alikuwa hasemi kitu, na mimi nilikuwa nimesimama na mikono yangu miwili niliyompigia Waziri makofi, sijui niiweke wapi. Nilichukia makofi yangu. Nilimchukia kila mtu aliyekuwepo pale.

Getini pa kutokea hukaa Mkaguzi wa Tabasamu, na familia isiyotabasamu haitoki. Sikudhani alisimama pale na maiti ya mwanawe mabegani, uso kama ukuta. Makungu akatabasamu kwa niaba ya familia nzima. Wakaruhusiwa.

*

Wizara ilitangaza kwamba Tausi alifariki kwa furaha kupita kiasi, na kwamba atazikwa kwa heshima zote kesho yake. Hapo ndipo tulipoona busara ya kuunganisha wizara, maana mahema na viti vilikuwa bado havijakusanywa. Keki nayo ilikuwa imebaki nyingi. Ile picha ilikuzwa ikatundikwa mlangoni pa makaburi: Waziri, kijiti, na mdomo wa Tausi umefumbuliwa. Makungu alipandishwa cheo palepale. Aliomba njia ya makaburini iitwe Mtaa wa Tausi, ila ikabainika kwamba yeye mwenyewe alishaiita Mtaa wa Mlezi Mkuu.

Baada ya udongo kurudishwa, mshereheshaji alimwita mfiwa alishwe keki ya faraja. Kamera za televisheni zikageuka. Sikudhani alipanda jukwaani akiwa amejifunga kanga mbili, ametulia, wala hakushikwa mkono na mtu. Alifumbua mdomo. Waziri akamlisha. Akatafuna, akameza, akafuta midomo. Watu wakasifu sana uzalendo wake.

Kisha akaomba kipaza sauti.

"Nashukuru, Mheshimiwa. Umemlisha mwanangu, umenilisha na mimi. Sasa nami nikulishe. Ndiyo adabu yetu."

Akaingiza mkono ndani ya kanga, akatoa mwiko. Akakata keki donge la kujaa ngumi, akaliweka juu ya mwiko. Waziri aliuona ule uzi mwekundu kwenye mpini, na damu yote ikamtoka usoni.

"Mama yangu," alisema, akijaribu kucheka, "mimi unajua huwa nawaachia wananchi."

Makofi.

"Wananchi wameshiba, Mheshimiwa."

Simu ya mshereheshaji ikalia. Akaitazama, akapiga magoti, akaipokea kwa mikono miwili. Mshereheshaji akasema "ndiyo, Mzee" mara nyingi, kisha akainua uso.

"Mlezi Mkuu anatazama," alisema. "Anauliza mbona Waziri hafumbui mdomo."

Waziri alitutazama sisi. Alimtazama Makungu, ambaye aliinamisha macho. Alimtafuta daktari, na daktari alikuwepo, nyuma kabisa, shingo yake ya twiga imevunjika tangu jana, kufuli bado lipo. Halafu Mheshimiwa Pandu Lukindo alifumbua mdomo. Nadhani alitaka kulisema lile neno, mzio. Midomo yake ilikuwa imeshalianza. Lakini Sikudhani amelisha watoto wawili, anajua mdomo unafumbuka lini.

Kamera ikalia. Bwana Kanju akaiteremsha, akaitazama kwa karibu, akafuta miwani yake, akatikisa kichwa kwa masikitiko.

"Haijatoka, mama," alisema kwa upole. "Rudia."